UZI: Mtoto wa chekechea anapanga vizibo mstari na haitikii jina. Usonji au tabia tu?

#1 Kipimajoto (mleta uzi)

Wakuu, kila Januari shule zikifunguliwa swali hili linarudi. Mtoto ana miaka mitatu na nusu, kaanza chekechea, na wiki ya tatu mwalimu anamvuta mama pembeni: mwanao hachezi na wenzake, ukimwita hageuki, anapanga vizibo vya soda mstari mmoja na ukivigusa anagaagaa chini. Usiku mama anaingia mtandaoni, anakuta orodha ya dalili kumi na tano, anaweka tiki karibu zote. Kuanzia hapo kila anachofanya mtoto kinakuwa dalili, hata kuchagua kijiko.

Nianze na vigezo vyenyewe vya usonji (autism), wenye fani watanirekebisha. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 (2013), na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, yote miwili inataka mafungu mawili ya dalili yakutane kwa mtoto mmoja.

Fungu la kwanza ni mawasiliano na watu. Kupokezana maneno na hisia kuna shida. Macho, uso na ishara za mikono ni chache au haziendani na anachotaka. Kuingia kwenye michezo ya rika lake kunamshinda. DSM-5 inataka yote matatu yawepo.

Fungu la pili ni kujirudia: miondoko au maneno yaleyale, kung'ang'ania utaratibu, kuzama kwenye kitu kimoja kupita kiasi, na hisia zilizopanda au kushuka mno kwa sauti, mwanga, nguo, vyakula. Hapo yanatosha mawili kati ya manne. Kisha dalili ziwe zilianza utotoni na ziwe zinamkwamisha katika maisha ya kila siku.

Kwa hiyo vizibo ni jambo moja, tena la fungu la pili peke yake. Watoto wengi wa miaka miwili hadi minne hupanga vitu. Muhimu ni kinachotokea pembeni ya vizibo. Akimaliza mstari anageuka, "Mama, ona treni!"? Ukiongeza kizibo kimoja na kuunguruma kama gari, anacheka na kuendelea, au dunia imeisha? Kesho vizibo hivyo vitakuwa duka, sahani au pesa? Anayeita watu waone na kubadilisha mchezo yuko mbali na anayepanga vilevile kila siku bila kumhitaji mtu.

Hapo kwenye "ona" ndipo ningekazia macho kuliko pengine pote. Kunyoosha kidole kuna kazi mbili. Kuna kidole cha kuomba, "nipe ile", na kuna kidole cha kuonyesha: ndege inapita, mtoto ananyoosha kidole, anakutazama usoni, anaitazama tena ndege. Hataki upewe wala apewe, anataka muione wote. Hicho cha pili hutarajiwa karibu na miezi 18. Mtoto wa miaka mitatu asiyekuwa nacho, na ambaye akitaka kikombe anakamata mkono wako na kuupeleka kabatini kama anavyotumia upawa, apelekwe kuchunguzwa hata kama hajawahi kupanga kizibo kimoja.

#2 Bwana Mashaka

Mleta uzi, la kutoitikia jina linachanganya. Wengi wanasema mtoto huyohuyo akisikia pakiti ya biskuti inafunguliwa chumba cha pili anafika mbio. Si ina maana masikio ni mazima na kilichobaki ni usonji au kiburi?

#3 Sikio Kavu

Mkuu, pakiti ya biskuti imechelewesha watoto wengi kupimwa masikio.

Usikivu hauko kama taa, imewaka au imezimika. Mtoto anaweza kupoteza sauti nyembamba na kubaki na nzito. Huyo anageukia mlango ukibamizwa, anacheza ngoma ikipigwa, lakini "s", "f" na "t" zinampita, maneno yanamfikia kama mtu anayeongea ukutani. Mwingine ana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara. Leo anasikia vizuri, wiki ijayo ni kama amezibwa masikio kwa vidole, na nyumbani wanasema anachagua cha kusikia. Huyu wa pili mara nyingi anakoroma na kulala mdomo wazi kwa sababu ya nyama za pua. Wapo pia waliopata homa ya uti wa mgongo, malaria kali, manjano kali ya uchangani, au waliochomwa sindano za dawa ya gentamicin kwa muda mrefu. Historia hiyo mwambieni daktari bila kusubiri kuulizwa.

Nyumbani mnaweza kufanya hivi. Subiri asiwe amezama kwenye katuni. Simama nyuma yake mita mbili hivi, mahali asipoona kivuli chako, uite jina tu kwa sauti ya kawaida, bila "njoo" wala "chukua". Hesabu hadi tano. Rudia siku tofauti, mara kumi kwa jumla, uandike aligeuka mara ngapi. Ukiita mara nane mfululizo kwa sauti inayopanda, umepima uvumilivu wako. Na jina liwe moja: mtoto anayeitwa Junia na baba, Baba Mdogo na bibi, na Abdulrahman shuleni hana kosa asipogeukia la shuleni.

Hilo halichukui nafasi ya kipimo. Omba kipimo cha ngoma ya sikio, ambacho huisha kwa dakika chache, kisha cha usikivu wenyewe. Kuanzia miaka miwili na nusu au mitatu wengi wanaweza kupimwa kwa mchezo: akisikia mlio anatumbukiza kitufe kwenye kopo. Fanyeni mazoezi nyumbani wiki moja kwa kopo na kijiko, siku ya kipimo mtaokoa safari ya pili. Asiyeweza hupimwa akiwa amelala, kwa vidude vya kunasa umeme wa mshipa wa sikio. Basi asilale njiani kwenye daladala, afike na usingizi wake.

Tahadhari kwa waliougua manjano kali: kile kipimo kidogo cha kuziba sikio kwa kidude na kusubiri mashine iandike "amefaulu" kinapima sikio la ndani tu. Mshipa wenyewe unaweza kuwa na hitilafu na mtoto akafaulu. Hao wafanyiwe cha mshipa.

#4 Ulimi wa Pwani

Nakazia hapo juu, kisha nije kwenye lugha, maana orodha nyingi za mtandaoni zimetungwa kwa Kiingereza na zinatupotosha.

Utasoma kwamba mtoto wa miaka miwili aunganishe maneno mawili. Kwa Kiswahili "anakula" ni neno moja, lakini ndani yake kuna mtendaji, wakati na tendo. Msihesabu nafasi kati ya maneno. Sikilizeni kama anabadilisha mwanzo na katikati ya kitenzi: "nakula", "anakula", "amekula", "sitaki". Anayebadilisha hivyo anajenga sentensi. Anayesema "twende" kwa kila kitu, akiwa na watu au peke yake, bado hajengi. Akifika miaka mitatu mtarajie mazungumzo ya kurudishiana angalau mara mbili.

La pili ni nafsi. Mtoto ana kiu, anakuja na kusema "Unataka maji?" Hajakosea sarufi kwa bahati mbaya. Amehifadhi sentensi nzima kama alivyoisikia kabla ya maji kuja, na kwake hilo ndilo jina la maji. Kwa wa miaka miwili ni kawaida. Kwa wa miaka minne, akiambatanisha na kurudia matangazo ya televisheni neno kwa neno, andikeni kwenye daftari la kwenda nalo hospitali. Msimkemee, hayo ni mawasiliano. Wala msimwambie "Sema: nataka maji", atarudia na "sema" yake. Mpeni kikombe mkisema vile ambavyo yeye angepaswa kusema, "Nataka maji", na kuachia hapo.

Tatu, mtoto wa Kimara au Kisumu anayezungumza Kiingereza cha katuni chenye lafudhi ya Marekani ilhali nyumba nzima ni Kiswahili. Majirani wanamsifu akili. Anataja rangi zote, herufi zote, sayari zote, lakini ukimuuliza "Baba yuko wapi?" hana jibu. Hiyo si lazima iwe usonji, ila ni sababu tosha ya kuchunguzwa. Kujua majina ya vitu na kutumia lugha kwa mtu aliye mbele yako ni mambo mawili.

Lugha mbili au tatu hazileti usonji wala hazimcheleweshi mtoto kuongea. Kichaga cha bibi, Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha shule vyote vihesabiwe kapu moja. Kumnyima bibi lugha yake ni kumpunguzia mtoto mtu wa kuongea naye.

Na kimeo! Bado watoto wanapelekwa kukatwa kimeo ili waongee. Kimeo hakina kazi ya kuzuia maneno, na ukataji wa mtaani umeleta kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizi. Hata ulimi uliofungwa na kiuzi chini unaweza kuharibu baadhi ya matamshi, hauwezi kumfanya mtoto asinyooshe kidole wala asielewe "lete kiatu".

#5 Ubao na Chaki

Kwa upande wa darasa la awali. Wiki za mwanzo si za kutoa hukumu. Mtoto aliyelelewa na dada wa kazi na televisheni akitupwa katikati ya wenzake sitini wanaopiga kelele, kukaa kona ni jibu la akili timamu. Mpeni wiki sita, mkiandika mnachoona.

Pa kuangalia ni panne: duara la kuimba, foleni ya uji, mchezo huru, na kengele ya kubadili shughuli. Kwenye duara, je, anaiga vitendo hata bila kuimba? Mwenye haya huiga kwa vidole akiwa amejificha nyuma ya mwenzake. Kwenye uji, akinyimwa kikombe anafanya nini, anamtazama nani? Kwenye mchezo, mwenye haya anawatazama wenzake muda mrefu na kusogea polepole. Mwingine anakimbia pembeni ya ukuta kana kwamba wenzake ni miti. Wa tatu anawaingilia wote, anasukuma, hawezi kungoja zamu, lakini anawataka watu. Huyo wa mwisho uwezekano wake uko zaidi kwenye utukutu wa kukosa umakini, ingawa vyote viwili vinaweza kukaa kwa mtoto mmoja.

Kuna anayeongea kama cherehani nyumbani na shuleni hatoi neno. Likizidi mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule, ni wasiwasi unaoziba sauti, na una matibabu yake. Mzazi alete rekodi ya nyumbani, itampunguzia mwalimu kazi nusu nzima.

Suala la macho mtahadhari nalo. Mtoto aliyefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa hawezi kupewa alama mbaya kwa kutomkazia daktari. Mwangalieni anapofurahi, anapoomba, anapocheza na mdogo wake.

Na wasichana. Mtulivu, haendi kinyume, anamfuata rafiki mmoja na kunakili kila anachofanya, rafiki asipokuja anakaa kimya siku nzima. Darasani anasifiwa kwa adabu, nyumbani akivua sare analipuka saa nzima. Hawa hugunduliwa wamechelewa.

#6 Bwana Mashaka

Sawa, ila mtaani wanasema ni chanjo, na wengine wanasema ni simu. Watoto wa zamani hawakuwa hivi.

#7 Kipimajoto

La chanjo lina tarehe zake. Mwaka 1998 daktari Mwingereza Andrew Wakefield alichapisha kwenye jarida la Lancet makala ya watoto 12 tu akihusisha chanjo na usonji. Mwaka 2010 jarida liliifuta na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Mwaka 2019 Denmark walichapisha ufuatiliaji wa watoto zaidi ya 650,000. Waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Uvumi unaishi kwa sababu ya kalenda: hapa kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18, na kati ya miezi 15 na 24 ndipo baadhi ya watoto wenye usonji hupoteza maneno waliyokuwa nayo. Mambo mawili yamepita mlango mmoja wakati mmoja.

Simu haileti usonji, lakini saa nne za katuni ni saa nne bila kuongeleshwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri chini ya miaka miwili wasikalishwe mbele ya skrini, na miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Punguzeni leo, na foleni ya hospitali ianze leo pia. Kosa ni kusema "tuone miezi sita bila simu kwanza".

Na wa zamani walikuwepo. Daktari wa Marekani aitwaye Leo Kanner aliandika kuhusu watoto 11 wa namna hii mwaka 1943. Kwetu waliitwa mabubu, wenye mashetani, au walifungiwa ndani.

#8 Mchunguzi wa Kaunti

Naongeza upimaji, kwa sababu makosa ni mengi.

Dodoso la kuchuja dalili za usonji linalosambazwa WhatsApp, M-CHAT-R/F, ni la miezi 16 hadi 30. Mtoto wa miaka minne ukimjazia hilo majibu hayana maana yoyote, hata yakitoka mazuri. Lina maswali 20. Jibu la "hapana" huhesabiwa alama, isipokuwa namba 2, 5 na 12 ambapo "ndiyo" ndiyo alama. Wengi hukosea hapo na kujipa hofu au matumaini ya bure. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 hadi 7 inafuatwa na mahojiano ya pili, 8 na zaidi apelekwe moja kwa moja. Hata 15 si ugonjwa uliothibitishwa, ni tiketi ya kwenda kuonwa.

Kuanzia miaka minne kuna dodoso jingine, SCQ, lenye maswali 40, na mpaka wake ni alama 15. Wataalamu pia hutumia kipimo cha CARS-2 chenye maeneo 15 ya kupewa alama, na ADOS-2, ambayo ni kumchezesha mtoto kwa utaratibu maalum dakika 40 hadi 60 huku akipewa alama. Hiyo ya mwisho kwa wadogo ina sehemu ya kumfanyia mwanasesere sherehe ya kuzaliwa. Mtoto ambaye hajawahi kuona keki yenye mishumaa hajui atakiwalo. Mzazi aliyemo chumbani aseme hilo kwa sauti, mtaalamu mzuri atalizingatia.

Kenya, vituo vya tathmini ya elimu vya Wizara ya Elimu (EARC), vilivyoanza 1984, vinapima kwa ajili ya kumpangia mtoto shule. Hiyo si sawa na uchunguzi wa hospitali, na kadi ya baraza la watu wenye ulemavu inahitaji tathmini ya kitabibu. Tanzania anzeni kliniki ya watoto ya hospitali ya mkoa, mwombe rufaa. Muhimbili, KCMC na Bugando ndiko wengi huishia. Mkiambiwa "atakua tu, wavulana huchelewa", ombeni liandikwe kwenye faili kwamba mzazi alieleza wasiwasi na amejibiwa hivyo. Mara nyingi rufaa inapatikana hapohapo.

Mnapokwenda bebeni: kadi ya kliniki, historia ya mimba na kujifungua (alilia mara moja? manjano? degedege?), orodha ya maneno anayotumia mwenyewe, barua ya mwalimu ya nusu ukurasa, na video tano za dakika mbili mbili: akiitwa, akicheza peke yake, akila, akiwa na watoto, akilipuka. Hospitali anaweza kulala au kuganda, video ndizo zitakazoongea. Zisiende kwenye kundi la ukoo.

Msisubiri miadi kwa hali hizi: amepoteza maneno au matumizi ya mikono, hasa baada ya miaka mitatu, anaganda macho yakiwa wazi kwa sekunde kadhaa mara kwa mara, ameanza kuanguka anapotembea. Kuna kifafa kinachofuta lugha kati ya miaka mitatu na saba, nacho hutafutwa kwa kipimo cha umeme wa ubongo.

#9 Bwana Mashaka

Na kama miadi ni baada ya miezi mitano? Unakaa tu?

#10 Ulimi wa Pwani

Hapana. Yafuatayo hayahitaji jina la ugonjwa, hata mtoto aliyechelewa kuongea tu yanamfaa.

Kaa chini, uso kwa uso, fuata anachoshika yeye. Taja kwa neno moja zaidi ya alilonalo: haongei, sema "gari", anasema "gari", sema "gari jekundu". Kisha nyamaza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Wazazi hukosea kwenye kunyamaza. Wanauliza "hii nini? rangi gani? sema!" mtoto hajapata hata pumzi.

Asiyeongea kabisa afundishwe kubadilishana picha, na hapa lazima wawe watu wawili. Mmoja anakaa mbele na vipande vidogo vya ndizi, vidogo kweli, ili mzunguko uwezekane mara kumi na tano kabla hajashiba. Kati yao kuna picha moja tu ya ndizi, sentimita tano kwa tano, imefunikwa kwa selotepu pana. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto, kimya. Mtoto akinyoosha mkono kuchukua ndizi, wa nyuma anauelekeza uchukue picha na kuiweka kwenye kiganja cha wa mbele, ambaye papo hapo anasema "ndizi!" na kutoa. Hakuna "unataka nini?" katika hatua hii, maana atajifunza kungoja kuulizwa. Siku zinavyokwenda wa nyuma anapunguza msaada. Ikishindikana, tazameni haya: picha kumi zimewekwa siku ya kwanza, au mama anafanya kazi za watu wote wawili, au ndizi ilikuwa mezani na mtoto ameshashiba. Picha hazizuii kuongea.

Milipuko iandikeni siku 14 kwa safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mara nyingi safu ya kwanza inajirudia, mathalani blenda, nguo yenye lebo shingoni, kuzimwa ghafla kwa televisheni, na hapo kuna cha kurekebisha.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, vikao tisa vya kikundi na ziara tatu nyumbani. Ulizeni hospitalini kama yanatolewa karibu.

#11 Sikio Kavu

Mtakutana na wauzaji. Dawa za "kutoa sumu ya madini" hushusha kalsiamu ya damu na zimewahi kuua mtoto. Matone ya klorini dayoksaidi ni kemikali ya viwandani ya kung'arishia karatasi na vitambaa, usimpe mtu. Kumwondolea ngano na maziwa mtoto ambaye tayari anakula chipsi na mkate tu ni kumtafutia utapiamlo. Anayekula udongo au chaki apimwe damu na minyoo kwanza. Upungufu wa madini ya chuma nao humfanya mtoto azubae na akose usingizi.

#12 Ubao na Chaki

Moja limesahaulika. Watoto wengi wenye usonji hutoroka, na hupenda maji. Komeo la geti liwe juu, mtu mzima ndiye alifikie. Pipa na kisima viwe na mfuniko unaofungwa. Namba ya simu ishonwe ndani ya ukosi wa sare, siyo kwenye begi, begi huachwa njiani. Akipotea, kagueni maji kwanza, hata kama yako upande aliozoea kuogopa.